Kushuka Ngomo kwa Baiskeli

Wengi wenu mnaokaa Bukavu mwaijua Ngomo kwa jina tu. Mwasikia habari zake gari likianguka, au mvua ikikata barabara, kisha mwasahau. Wenye haraka na wenye hati za kupita hushuka kwa ng'ambo: huvuka Ruzizi, hupita Rwanda kwa lami hata Bugarama, kisha huingia tena kwetu huko Kamanyola. Hiyo ni safari ya kukaa kitini. Mimi leo nataka kuwaeleza njia ya upande wetu, ile ya mlimani, niliyoishuka kwa baiskeli na kuipanda kwa miguu mwezi wa saba mwaka 2018. Sikwenda kwa mchezo. Nilikuwa na deni, na deni lenyewe lilikuwa ile baiskeli.

Baba yangu mkubwa alikuwa katekista katika bonde la Ruzizi, upande wa Kamanyola, karibu miaka arobaini. Mali yake kubwa ilikuwa baiskeli, au kinga kama tusemavyo hapa kwetu: nyeusi, ya chuma, kazi ya China, yenye breki za vyuma virefu na karia pana nyuma. Nilipoingia seminari kubwa ya Murhesa, alipanda nayo hata Bukavu, akaniachia mlangoni mwa mama yangu. Alisema, "Ukikosa vitu vya masomo, iuze. Usipokosa, itumie. Shauri lako." Akanywa maji, akarudi bondeni kwa miguu.

Sikuiuza. Mwaka 2011 nikatoka seminarini. Sababu za kutoka nilizieleza kwa padiri wangu wa roho, na hapa si mahali pake. Watu walioniuliza niliwajibu. Lakini baba mkubwa hakuniuliza, nami sikwenda kumwambia. Nikaoa, nikapewa kazi ya ukatekista mjini, nikawa nazunguka kwenye mashirika ya Kadutu juu ya baiskeli ya mtu aliyedhani anamsaidia padiri. Kila nilipokusudia kushuka nilipata neno la kunizuia: mara mvua, mara habari za bunduki njiani, mara mafundisho ya wabatizwa. Mwenye kutaka sababu hazikosi. Basi ikapita miaka saba.

Ndipo mama mmoja muuza nyanya, atokaye bondeni, akanipasha habari sokoni, "Baba yako mkubwa hatembei tena vizuri." Hakusema zaidi. Nilipomwambia mama wa watoto wangu, alikuwa akichambua maharagwe, wala hakuinua kichwa. Alisema tu, "Hiyo kinga irudi."

Yafaa kwanza nieleze namna nchi ilivyo, kwa ajili ya wasomaji wa mbali. Ziwa Kivu liko juu, kama mita 1,460 juu ya bahari. Ziwa Tanganyika liko chini, kama mita 773. Katikati yao ni mto Ruzizi, utokao Bukavu penyewe, na kwenda kumwaga maji yake kaskazini ya Tanganyika, kati ya Uvira na Bujumbura. Maana yake, maji yashuka karibu mita 700, na sehemu kubwa ya kushuka huko yafanyika katika korongo lililo kati ya Bukavu na Kamanyola. Ndiyo sababu kiwanda cha kwanza cha umeme kilijengwa huko mwisho wa miaka ya 1950, na cha pili kikaanza kazi mwaka 1989. Baada ya Kamanyola mto hupata akili, ukatembea polepole katika nchi tambarare. Barabara yetu haiwezi kulifuata korongo. Hupita juu, kwa Nyangezi, halafu huanguka. Mahali inapoanguka ndipo Ngomo.

Nilipokuwa seminarini tulikuwa na padiri mzee, Mfaransa, aliyetufundisha historia. Siku moja, sijui tulifikaje huko, alituambia kwamba ujanani alizunguka kisiwa cha Corsica kwa baiskeli pamoja na ndugu yake, na kwamba tangu hapo hakuna mahali miguu yake ilipoteswa kama huko. Corsica ni kisiwa cha Ufaransa katika bahari ya Mediteranea. Ni milima mitupu iliyosimama ndani ya maji, na kilele chake kirefu, Monte Cinto, chafika mita 2,706. Mbio za Tour de France za mwaka 2013, zilizokuwa za mara ya 100, zilianza huko. Watalii wengi hukiendea kisiwa hicho, wengine kupanda milima kwa baiskeli, wengine kutembea kwa miguu njia ndefu ya kilomita kama 180, iitwayo GR20. Padiri alituchorea ubaoni milango ya mlima, yaani mahali ambapo barabara hupita kati ya kilele na kilele. Mlango ulio juu kuliko yote ya barabara za Corsica, alisema, ni Vergio: mita 1,478. Akaipigia mstari namba ile.

Nikainua mkono. "Padiri, maji ya ziwa letu yako mita 1,460."

Darasa likacheka. Mzee akaitazama namba yake, akatazama dirishani, akasema, "Basi ninyi mmezaliwa juu ya Vergio na hamkuona neno la kujivuna." Akafuta ubao.

Neno hilo nimelikumbuka mara nyingi. Lakini haki itendeke: mtalii wa Corsica hupanda ili apande, na baiskeli yake ni kitu kingine kabisa. Sheria ya mbio yakataza baiskeli iwe chini ya kilo 6.8, kwa hofu kwamba mafundi wataifanya nyepesi mno. Yangu ilipita kilo 20 kabla ya kufungwa kitu chochote. Yao ina gia nyingi, za mlima na za bonde. Yetu ina gia moja, iliyokusudiwa nchi tambarare, na mlimani hugeuka kuwa toroli. Mwezi wa Septemba mwaka 2025 mabingwa wa dunia walishindana Kigali, ikiwa mara ya kwanza mashindano hayo kuja Afrika, nami nikayatazama katika simu ya jirani. Niliona vijana wakipanda vilima vya mawe yaliyopangwa, midomo wazi, na watu wakipiga kelele kando ya njia. Mwaka uliotangulia Biniam Girmay wa Eritrea alikuwa ameshinda hatua tatu za Tour de France na kufika mwisho na jezi ya kijani. Nilifurahi kama wengine. Ila niliwaza pia juu ya wale vijana wa Kamanyola wapandao Ngomo kila juma na magunia mawili ya mihogo, na hakuna awapigiaye kelele ila mwenye mzigo akiona wamechelewa.

Nirudi kwenye safari yangu. Nilimpelekea baiskeli fundi mmoja wa Kadutu. Akaizungusha, akaisikiliza mnyororo wake, akabadili mipira ya breki, akasema, "Kule chini usibane daima. Bana, achia. Bana, achia." Nikasema nimeelewa. Kumbe kuelewa ni kazi ya kichwa, na mlima hauulizi kichwa.

Tena nilifanya ujinga mwingine, nitauungama mapema. Nilivaa viatu vyangu vya Jumapili, vya ngozi, nisionekane mbele ya baba mkubwa kama mtu aliyeshindwa maisha.

Niliondoka saa kumi za usiku, mwezi ukiwa ungali juu. Essence ilikuwa kimya. Panzi watu walikwisha kuamka, na mbele ya hospitali wanawake walikuwa wakiwasha moto wa kupikia wagonjwa wao uji. Kutoka hapo njia hupanda na kushuka, vumbi jekundu, mikaratusi, migomba, nyumba za matofali, mtoto na mbuzi. Njia ya kwenda Walungu niliiacha upande wa kuume. Sehemu kubwa ya vilima nilisukuma, maana gia moja ni gia moja. Jua lilipotoka nilikuwa karibu na Nyangezi, nikapumzika penye misioni. Hapo ndipo Mapadri Weupe walipoanza kazi yao kwetu Bushi mwaka 1906, na baba mkubwa alikuwa akiniambia kwamba babu yake aliwaona wakipima kiwanja kwa kamba, akadhani wanatega wanyama. Nilikula ndizi mbili na chai. Mwenye kibanda aliitazama baiskeli yangu, akatazama viatu, akauliza, "Unashuka, baba?" Nikasema nashuka. Akatikisa kichwa kidogo, akanirudishia chenji.

Baada ya Nyangezi nchi hufunguka ghafula. Nimeona watu wazima wakinyamaza mahali pale. Vilima vyakatika kama mkate, na chini kabisa, katika ukungu mweupe, bonde la Ruzizi lalala: mto wameta kidogo, huku Rwanda, kule Burundi, na mbele kwetu nchi tambarare ielekeayo Uvira. Barabara yaonekana vipande vipande chini ya miguu yako, kama utambi uliotupwa. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande wa pili ni hewa. Hakuna kizuizi ila majani. Kando ya njia niliona mifupa ya lori, imekwisha kuliwa na kutu na watu, maana kila kilichoweza kufunguliwa kilifunguliwa.

Nikapanda juu ya tandiko, nikaanza.

Mwanzoni ilikuwa furaha tupu, sitaficha. Upepo, na baada ya kila kona joto linaongezeka usoni. Walimu husema kwamba mtu akishuka mita 1,000 joto huzidi kama digrii sita. Mimi naweza kuwaambia kwamba hata mita mia moja ngozi huzijua. Lakini uzito wa mtu na wa chuma, ukishuka, lazima uende mahali. Kama hauendi katika mwendo, waenda katika breki, nao hugeuka kuwa moto. Ndiyo maana ya ile bana, achia: ukiachia, rimu yapata upepo wa kupoa. Nami nilibana. Kona ya kwanza nilibana, ya pili nilibana, na kati yao pia nilibana, kwa sababu ya ile hewa upande wa kushoto. Nikasikia harufu ya mpira unaoungua, nikadhani yatoka katika lori fulani. Hapakuwa na lori.

Katika kona ya nne au ya tano mikono ilibana na hakuna kilichotokea. Wazoefu, breki zikifa, hukanyaga tairi kwa kandambili, na kandambili za mpira wa gari ni breki bora kuliko za kiwandani. Mimi nilikanyaga kwa kiatu cha Jumapili. Ngozi iliteleza juu ya tairi kama sabuni. Nilikuwa na muda wa kuchagua kitu kimoja tu, nikachagua ukuta wa mlima. Niligeuza usukani kulia, nikaingia katika udongo na mawe.

Nilipoinuka niliona kwamba goti limechanika, suruali pia, na gurudumu la mbele limejikunja kama namba nane. Nikaketi njiani. Sikuwaza juu ya kifo wala juu ya shukrani, kama vitabu visemavyo. Niliwaza kwamba kwa miaka saba sikuirudisha baiskeli ikiwa nzima, na sasa nairudisha imevunjika.

Wakati ule walikuwa wakipanda wanawake sita, wameinama, mizigo mgongoni, kamba ikipita katika paji la uso kama desturi ya mama zetu wa Bushi. Wenye kuijua Bukavu hawahitaji kuelezwa. Mgeni huona mfuko unaotembea, halafu miguu miwili chini yake. Yule wa mbele alisimama. Hakutua mzigo, kwa kuwa aliyetua huhitaji mtu wa kumtwisha tena, na kila kutua ni nguvu iliyopotea. Alinitazama kwa upande, kichwa hakigeuki chini ya kamba ile.

"Pole, baba. Wewe mzima?"

"Mzima, mama."

"Kinga imekufa, lakini watu huzifufua. Nyuma yetu wanakuja vijana." Kisha akanionyesha kwa kidevu njia nyembamba iliyokata kona, ishukayo moja kwa moja. "Pita humo. Barabara ni ya magari." Akaendelea. Niliwatazama hata walipopotea katika kona, na hawakusimama hata mara moja. Nilikuwa mtu wa miaka thelathini, niliyefundishwa falsafa, na mama yule angeweza kuwa mama yangu.

Vijana walikuja kweli: wawili kwa baiskeli moja, mmoja akiongoza kwa mti uliofungwa katika usukani, mwingine akisukuma karia kwa bega. Walipoona gurudumu langu walicheka kwanza, ndiyo haki yao, kisha mmoja akalifungua, akaliweka kati ya mawe mawili, akapanda juu yake na kuruka polepole, akiligeuza na kuruka tena. Baada ya robo saa lilikuwa karibu duara. Sikuweza kulipanda, lakini lilizunguka likigusa uma kila mzunguko, tik, tik, tik. Nilimpa pesa, akakataa, akaomba maji. Nikampa chupa yote.

Basi nusu ya Ngomo nimeishuka kwa miguu, na naweza kusema ndiyo nusu niijuayo. Juu ya baiskeli nilikuwa nikiona kona tu. Kwa miguu niliona shamba la mihogo lililolimwa mahali ambapo mbuzi angefikiri mara mbili. Niliona chemchemi yenye jani la mgomba lililowekwa kama mfereji, na mtu asiyejulikana hulibadili likikauka. Niliona katika jiwe alama za miguu ya watu wengi, ngazi ambayo hakuna aliyeichonga. Viatu vya Jumapili nilivivua, nikavifunga kamba shingoni.

Nilifika saa tisa. Bondeni jua lilikuwa kali, na mtu wa Bukavu huko hujiona kama amevaa koti. Baba mkubwa alikuwa ameketi chini ya mwembe, fimbo mbili kando yake. Alikuwa amepungua sana. Nilikuwa nimetayarisha maneno yangu tangu Panzi, yenye mwanzo na katikati na mwisho, kama hotuba. Nikapiga magoti, nikamwamkia.

"Tumsifu Yezu Kristu, baba mkubwa."

"Milele na milele." Macho yake yalikuwa juu ya gurudumu. "Ni breki?"

"Ndiyo, baba."

"Ulibana."

"Nilibana."

"Wote hubana mara ya kwanza," akasema, akamwita mtoto aniletee maji ya kunawa.

Jioni, baada ya ugali na samaki, nilijaribu tena kusema maneno yangu. Alinisikiliza kidogo, kisha akainua mkono. "Mambo ya Murhesa ni ya zamani. Sikukasirika kwa kuwa ulitoka. Watu hutoka, hata mimi nilitaka kuingia nikakataliwa. Nilikasirika kwa kuwa hukushuka." Akaomba redio yake, akasikiliza habari.

Kama mambo yangeishia hapo, ningerudi na moyo mwepesi. Lakini usiku nilikwenda jikoni kumsaidia mama mkubwa kubeba sufuria, naye, bila ubaya wowote, akinipa kitambaa cha kushikia, akaniambia jambo ambalo mumewe hakulisema na hatalisema. Tangu alipoiacha ile baiskeli Bukavu, alizunguka vijiji vyake vyote kwa miguu. Vingine viko juu huko, katika mgongo wa mlima. Alipata ahadi ya baiskeli nyingine, haikufika. Alitembea hivyo miaka zaidi ya kumi, tangu niingie seminarini, na magoti yakaisha. "Tulimwambia akuombe irudi," akasema. "Akajibu kwamba kitu cha mwanafunzi hakiombwi."

Wakati huo mimi nilikuwa naendesha kinga ile Kadutu, mahali ambapo teksi hupita kila dakika.

Sikulala sana. Asubuhi nilimkuta baba mkubwa chini ya mwembe pamoja na fundi wa kijiji. Gurudumu lilikuwa limetiwa njiti mpya saba, na juu ya karia walikwisha kufunga mfuko wa unga wa muhogo. Niliuinua kidogo: kilo hamsini, pengine zaidi.

"Huu ni wa dada yako wa Panzi," akasema. "Mumewe hana kazi."

"Na baiskeli, baba? Mimi nimeileta irudi kwako."

Akaonyesha magoti yake kwa fimbo. "Nitaipandaje? Ipeleke na unga. Mwezi wa kumi na mbili uniletee mfuko mtupu." Kisha akanipa kandambili zake za mpira wa gari. Zilinibana kidoleni. Akaongeza, "Ukifika juu kabisa, unipigie simu. Usingoje upumzike. Nataka kusikia pumzi."

Kupanda kuna elimu yake. Nilimchukua kijana mmoja wa kunisukumia, naye ndiye aliyekuwa mwalimu. Mti hufungwa katika usukani upande wa kushoto ili uongoze bila kuinama. Mti mwingine husimamishwa nyuma ya tandiko, ndio mshikio wa mkono wa kulia. Mzigo hufungwa chini na mbele, kwa maana ukikaa nyuma sana gurudumu la mbele hutaka kuruka. Huhesabu hatua, huhesabu pumzi. Kila mtu hutembea na jiwe lake, au hulikuta palepale lilipoachwa na aliyepita: ukitaka kupumzika, mwenzako hutia jiwe nyuma ya gurudumu, nanyi mwaachia mikono pamoja. Asiyeijua kazi hupumzika akiwa ameshika breki, na huko si kupumzika. Tulipumzika mara thelathini na mbili. Kijana aliniambia kwamba yeye na mwenzake hupumzika mara kumi na tano.

Mahali pamoja tulikuta kamba imevutwa njiani, na watu wawili wakitaka pesa ya kupita. Kijana alilipa bila maneno, kama alipaye ubani kwa mzimu. Wanawake wenye mizigo walilipa pia. Sitaandika mengi juu ya kamba hiyo, kwa kuwa wasomaji wanazijua za kwao.

Karibu na kona ile ya ukuta niliona alama ya kuanguka kwangu, udongo mpya. Kijana akasema, "Hapa kuna mjinga alianguka jana." Nikasema nimesikia.

Saa sita na nusu tulifika juu. Bonde lilikuwa limefunikwa na joto jeupe, mwembe wa baba mkubwa haukuweza kuonekana, lakini nilijua upande wake. Miguu ilitetemeka yenyewe. Nilitoa simu, nikapiga. Ikaita mara moja tu, ikapokelewa. Alikuwa ameishika mkononi. Sikuweza kusema neno. Nilihema tu, na upande ule naye hakusema neno. Alisikiliza pengine dakika nzima, na dakika ile ilikuwa ya pesa yangu. Kisha nikamsikia akicheka taratibu, kama mtu aliyekumbuka kitu chake.

"Sasa umebeba," akasema. "Lakini umechelewa. Mimi nilikuwa hapo saa tatu." Akakata.

Mwezi wa kumi na mbili niliurudisha mfuko mtupu, akaujaza tena. Hivyo hivyo mara tano, hata alipofariki mwaka 2021, wiki ya Pasaka. Katika mazishi yake walikuja watu wa vile vijiji vya mgongo wa mlima, kwa miguu. Tangu vita vilipofika kwetu Bukavu, Februari 2025, sijashuka Ngomo, na mama mkubwa twasikiana kwa simu mtandao unapokuwa mwema. Baiskeli iko ndani ya nyumba, imeegemea ukuta karibu na kitanda cha watoto. Mfuko wa unga umekunjwa juu ya karia, na kandambili ziko chini yake.